Ibada ya Saa Nane

Tulipomzika Kasisi Eriya Nsubuga mwezi uliopita, wasemaji walipanga foleni mbele ya kipaza sauti na kila mmoja akamsifu kwa upole wake. Mpole, mnyenyekevu, mtu asiyependa ugomvi. Nilikuwa nimeketi chini ya hema pamoja na makasisi wenzangu, sahani ya matoke na mchuzi wa karanga imepoa magotini mwangu. Mtu waliyekuwa wakimzika hakuwa yule niliyemjua. Mimi mwenyewe ni kasisi kwa miaka mingi sasa, nina parokia yangu karibu na soko la Kalerwe hapa Kampala, na nimezika watu wengi kiasi cha kujua jinsi tunavyowapiga pasi marehemu kama kanzu ya Pasaka. Lakini huyu sikubali apigwe pasi. Mwaka nilioishi nyumbani kwake, nikiwa shemasi, binti niliyetoka tu chuo cha theolojia, alikuwa mtu mkaidi kuliko wote niliowahi kukutana nao, na ukaidi ule ndio ulionifundisha kazi hii. Kwa hiyo naandika. Anayetaka habari za mtu mpole atafute kwingine.

Parokia yake, ya Kianglikana, ilikuwa kwenye mteremko kati ya Lubaga na Nateete, mahali ambapo asubuhi unasikia kengele za Wakatoliki kutoka juu kilimani na jioni unasikia makondakta wakiita abiria kutoka chini bondeni. Nilipewa chumba cha nyuma ya nyumba ya kasisi. Kabla yangu kilikuwa stoo ya vifaa vya igizo la Krismasi, na hakuna aliyekuwa na mahali pengine pa kuvipeleka, kwa hiyo nililala pamoja na mabawa ya malaika yaliyoning'inia msumarini, hori la mbao, na ng'ombe wa maboksi mwenye jicho moja. Mke wa kasisi, Maama Eseza, mwanamke mnene mwenye kicheko cha taratibu, alinionyesha kitanda akasema kwa Kiganda, "Ukisikia kitu kinatembea usiku, ni panya. Gabrieli hajawahi kuja huku." Mimi ni Mkongo, mtu wa Bukavu, na Kiganda nilikuwa nimekipata chuoni kwa taabu. Alipoona nimeelewa utani wake alinishika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika mezani.

Watu hudhani kazi ya kasisi ni Jumapili. Pale nyumbani Jumapili ilikuwa siku nyepesi. Kabla jua halijatoka vizuri Kasisi Nsubuga alibisha mlango wangu kwa fundo la kidole na kusema kwa Kiswahili chake cha Kampala, "Shemasi, amuka. Mungu anangoja na chai inapoa." Tulisali sala ya asubuhi kanisani, sisi na akina mama wawili watatu waliokuwa wakienda sokoni, vikapu vyao mlangoni. Tukirudi, benchi la varanda lilikuwa limejaa. Alikuwepo mwanamume aliyetaka mtoto abatizwe haraka kwa sababu shule fulani ilidai cheti. Walikuwepo mke na mume waliokaa ncha mbili za benchi bila kutazamana. Alikuwepo mzee mmoja ambaye hakuwa na shida yoyote, alikuja kusoma gazeti la kasisi. Maama Eseza aliwapitishia wote katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na matumbo ya ng'ombe, na kasisi aliwasikiliza huku anakula, kwa sababu alisema mtu haombi msamaha vizuri mbele ya mtu asiyetafuna. Mchana tulitembea. Mwavuli mmoja, sisi wawili, tukiingia vyumba vya wagonjwa vilivyonuka mkaa na dawa, yeye akiuliza kwanza kama mgonjwa amekula, ndipo anafungua kitabu cha sala. Leo mashemasi wangu wanataka ratiba kwenye simu. Ninawapa ratiba, halafu ninawabishia mlango.

Wakongo walikuwa wengi bondeni Nateete: wauza vitenge, mafundi cherehani, wasusi, watu waliokimbia vita na kuacha kila kitu isipokuwa nyimbo. Wengi walikuwa Waanglikana huko kwetu, lakini ibada zote za parokia zilikuwa za Kiganda, isipokuwa moja ya Kiingereza. Walikuja, wakakaa viti vya nyuma, wakasimama wengine waliposimama. Kasisi Nsubuga aliwatazama hivyo kwa muda mrefu kabla sijafika. Jumapili yangu ya tatu hivi aliniita sebuleni, kwenye vile viti vyenye vitambaa vya kufuma, akasema, "Kanisa inakaa bure saa nane. Wewe unajua Kiswahiri sawasawa, mimi najua kidogo. Tuanze." Nilimuuliza kama baraza la wazee limekubali. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama mvua imekubali. "Mimi ni kasisi ya hapa," akasema. "Kusari haiombewi ruhusa."

Saa nane ile ya kwanza walikuja watu wachache na wote walikaa nyuma, kwa mazoea. Niliwaambia waje mbele. Hakuna aliyesogea mpaka fundi cherehani mmoja, Baba Musafiri, mwanamume mrefu mwenye tepu ya kupimia shingoni hata siku ya Bwana, aliposimama akamvuta mkewe, wakaja wakakaa kiti cha kwanza kabisa, ambacho asubuhi kilikuwa cha wakuu. "Njoni basi," aliwaambia wenzake. "Mama Mchungaji anasema tuko kwetu." Wakaja. Baada ya majuma machache kulikuwa na kwaya, na Baba Musafiri aliwashonea sare za kitenge cha manjano alizozikata mwenyewe usiku na mchana. Baada ya ibada mkewe alinishika mkono twende nyumbani kwao, chumba kimoja nyuma ya ghala la mkaa, na tulikula bugali na sombe, kisamvu cha kwetu, kwenye sinia moja huku cherehani imefunikwa shuka kama mgonjwa. Kasisi Nsubuga alikuja mara moja. Alikula sombe kwa mashaka, halafu bila mashaka, akasema, "Hii majani ni nzuri kushinda mahubiri yangu."

Aliyeichukia ibada ile kuliko wote hakuwa mtu mbaya. Naandika hili wazi kwa sababu hadithi za kanisa hupenda mtu mbaya. Aliitwa Nalongo Kezia, yaani mama wa mapacha, mkuu wa chama cha akina mama, mwanamke mwembamba aliyenyooka kama mshumaa, na yeye ndiye aliyetunza vitambaa vya madhabahu na ufunguo wa kanisa. Miaka ya utawala wa wanajeshi, askari waliingia kwake mchana, wakamchukua mumewe, na hakurudi, si mzima wala maiti. Askari wale walisema Kiswahili. Kwa watu wa rika lake Kampala, Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya buti mlangoni. Jumapili tulipokuwa tukiingia saa nane yeye alikuwa anatoka, na akinisikia namsalimu mtu kwa Kiswahili alifumba macho mpaka nimalize. Hakuwahi kunitukana. Ningependa angenitukana.

Siku moja nilikuwa chumba cha mavazi, kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu, nikikunja kanzu, wazee wa baraza wakakutana upande wa pili wa ukuta bila kujua nipo. Mwenyekiti wao alikuwa Bwana Lubwama, mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mtu aliyependa parokia ionekane. Alisema majirani wanauliza kama kanisa limegeuka kambi. Alisema saa nane ni wakati mzuri wa arusi. Halafu sauti ya Nalongo Kezia, chini sana: "Mimi ninafua vitambaa vya meza ile. Nikivitandika nataka kusali. Lakini nikifika pale sasa nasikia wao, nasikia mlango wangu unavunjwa. Mnataka nisali wapi?" Kisha Kasisi Nsubuga akasema kwa Kiganda, "Nalongo, mimi pia nilijifunza Kiswahili kutoka kwao. Nilijifunza nikiwa nimelala kifudifudi juu ya lami, buti shingoni, nikijibu maswali. Waliondoka na gari la parokia na meno yangu mawili. Nikiwaachia na lugha, watakuwa wamechukua vingapi? Lugha si yao. Walikuwa wameiba hiyo pia." Nilisimama na kanzu mikononi. Miezi yote ile nilikuwa nimeyaona mapengo yale ya meno na kudhani ni uzee.

Baraza lilipiga kura na ibada ya saa nane ikafutwa. Jumapili iliyofuata mlango ulikuwa umefungwa. Kasisi Nsubuga alitoka nyumbani kwake amevaa mavazi kamili, stola ya kijani shingoni, akapita katikati ya Wakongo waliokuwa wakinung'unika uani, akaweka kimeza cha chai cha Maama Eseza juu ya ngazi za kanisa na kutandika kitambaa cheupe cha nyumbani. "Wamefunga mrango," alisema. "Ngazi hawakufunga." Tukasali ngazini. Jumapili ile na nyingine baada yake, juani, na mara moja kwenye mvua iliyotulowesha mpaka mkate wa ushirika ukawa uji. Watu waliopita barabarani walisimama kututazama. Ajabu ni kwamba idadi yetu iliongezeka. Nimewahi kujiuliza kama tungejaa vile ndani, na sidhani. Kuna watu huja kwa sababu wamefungua redio wakasikia mahubiri, na kuna watu huja kwa sababu wameona mtu mzima amekataa kuondoka.

Bwana Lubwama alikwenda kwa askofu. Kasisi aliitwa, akarudi jioni, akala chakula chote macho yakiwa sahanini, hata Maama Eseza akaweka kijiko chini akamtazama. "Wamenipa mapumuziko," alisema hatimaye, kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie vizuri. "Niende kijijini, nipumuzike, mpaka wao waamue. Mimi sijachoka, lakini wao wameona mimi nimechoka." Maama Eseza akauliza kwa Kiganda nani atabaki na parokia. Akaninyooshea kidole chenye mchuzi. Nilisema mimi ni shemasi tu, siwezi hata kubariki mkate. "Unaweza kubatiza," akasema. "Unaweza kuzika. Unaweza kukataa. Hii tatu inatosha." Wakaondoka asubuhi, na nyumba ikabaki na mimi, panya, na ng'ombe mwenye jicho moja.

Hawajamaliza juma moja huko kijijini Baba Musafiri akafa. Alianguka juu ya cherehani yake adhuhuri, akapelekwa hospitali, akafia kwenye machela koridoni. Mkewe alikuja kwangu bila viatu. Hakulia. Alisema, "Mama Mchungaji, mwenye nyumba anakatala maiti asiingie mule. Hospitali banasema tumutoe leo. Nimupeleke wapi?" Nilimwambia tutampeleka kanisani, kisha makaburini. Niliposema hivyo sikuwa na ufunguo wala ruhusa. Nilikwenda kwa Bwana Lubwama dukani kwake, katikati ya mabati na ndoo za rangi, na alinijibu kwa adabu kubwa. Marehemu hakufunga ndoa kanisani, alisema. Sheria ya parokia inajulikana: asiyefunga ndoa kanisani mwili wake hauingii, anaombewa nyumbani. Nilimwambia walikuwa wametoa mahari Bukavu na siku ya arusi iliwekwa, vita vikafika kabla ya siku. Nilimwambia hana nyumba ya kuombewa. Alifungua mikono. "Pole sana, Shemasi. Ukimwingiza huyu, wote watataka." Nikamjibu, "Ndiyo. Wafu wote watataka." Nikatoka.

Tulifika kanisani mchana, jeneza nyuma ya pikapu ya muuza mkaa, kwaya imevaa manjano yale aliyoyakata yeye. Mlangoni walisimama Bwana Lubwama na Nalongo Kezia, na ufunguo ulikuwa mkononi mwa Nalongo. Nilikuwa nimevaa kanzu, kitabu cha sala mkononi. Bwana Lubwama akaanza kusema maneno yale yale ya dukani. Nalongo Kezia hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama Mama Musafiri, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa jeneza kwa mikono miwili kama anayezuia mtumbwi usielee.

"Huyu ndiye mke?" aliniuliza kwa Kiganda.

"Ndiye."

"Amepewa mwili?"

"Amepewa. Ndio huu."

"Mimi sikupewa," akasema, na akageuka akafungua mlango.

Bwana Lubwama akamwita kwa jina. Yeye akaendelea kuusukuma mlango mpaka ukagonga ukuta. Kisha akasimama kizingitini akanyoosha mkono kunizuia. "Mwili uingie. Lakini ile lugha yenu ibaki nje. Mzike kwa Kiganda."

Nimesimama mbele ya watu wengi tangu siku ile, maaskofu na mawaziri na mabibi arusi wenye hasira, na sijawahi tena kutaka kusema ndiyo kama nilivyotaka wakati ule. Mlango ulikuwa wazi. Kiganda nilikijua. Jua lilikuwa kali juu ya jeneza. Nilimgeukia Mama Musafiri, nikaona midomo yake inafuata midomo yetu bila kuelewa neno hata moja, na moyo wangu ukagoma.

"Nalongo," nikasema, "mjane huyu hajui Kiganda. Nikimwambia kwa Kiganda kwamba mumewe atafufuka, nitakuwa nimemwambia nani?"

"Mungu anajua Kiganda."

"Mungu habaki mjane leo. Mwili na lugha vitaingia pamoja. Visipoingia tutamzika hapa hapa ngazini, kwa Kiswahili, na tutaimba nyimbo zote tunazozijua."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu na yenye chuki, na sikuyaepuka. Kisha akashusha mkono, akanipita, akashuka ngazi mbili, akaketi chini na kitenge chake kizuri juu ya saruji, ametupa mgongo. Bwana Lubwama aliondoka. Sisi tukaingia. Nilisoma ibada yote ya maziko kwa Kiswahili cha Bukavu, kile cha mama yangu, si kile cha vitabu, na Mama Musafiri alilia mara ya kwanza tangu kule koridoni hospitalini. Aliketi kiti cha kwanza. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilikuwa naona mgongo ule ulionyooka ngazini, juani, haukusogea. Tulipotoka na jeneza aliinuka, akainamisha kichwa mpaka likapita, kama inavyofanywa kwa mfu yeyote. Halafu akaingia ndani kuondoa kitambaa cha madhabahu akafue.

Niliitwa ofisini kwa askofu. Chumba kilikuwa na meza ndefu na birika la chai ambayo hakuna aliyenikaribisha. Waliniambia upadrisho wangu, siku ambayo ningewekewa mikono niwe kasisi kamili, umeahirishwa mpaka nitakapoomba radhi mbele ya baraza la parokia. Mmoja wao, mtu mwema, alinisihi: maneno mawili tu, binti yangu, halafu tunasahau. Nilisema nitaomba radhi kwa kila kitu isipokuwa maziko yale. Wakauliza kitu gani kingine nimefanya. Nikasema hakuna. Ilichukua mwaka mwingine na askofu mwingine kabla sijawekewa mikono, na maneno yale mawili sijayasema mpaka leo ninapoandika. Baadhi ya wazee wale wamekufa, na baadhi nimewazika mimi.

Kasisi Nsubuga hakurudishwa. Walimpeleka parokia ya mbali kwenye kisiwa kimoja ziwani. Yeye na Maama Eseza walikuja kuchukua vyombo vyao, na jioni ile Maama Eseza alipika luwombo, kuku aliyefungwa ndani ya majani ya mgomba, tukala juu ya maboksi kwa sababu viti vilikuwa tayari juu ya lori. Nilitaka aniambie kwamba nilifanya vizuri. Hakuniambia. Alifungua jani lake, mvuke ukamjaa usoni, akasema, "Wakisema omba radhi, wewe omba Mungu. Wao wana kazi mingi." Maama Eseza alicheka mpaka akajifuta macho, na sikujua ni kicheko gani kile. Asubuhi nilisimama uani mpaka lori likakata kona kuelekea Nateete. Nilikuwa na hasira kuliko huzuni, na hasira ile ilinifaa. Ndiyo iliyoniamsha kesho yake kusali sala ya asubuhi na akina mama wawili watatu wenye vikapu.

Ilikuwa baada ya hapo, alasiri moja ya mvua, Nalongo Kezia alipobisha chumbani kwangu. Hakuwa amewahi kufika. Nilimkaribisha mahali pekee palipokuwepo, juu ya hori la Krismasi, nikampa chai. Aliishika bila kunywa. Alisema hakuja kusuluhisha jambo. Alikuja kuuliza.

"Siku ile walipokuja tulikuwa tunakula," alisema. "Mume wangu alijua Kiswahili, alikuwa dereva, alifika mpaka Mombasa. Mimi sikujua. Walipomshika, alisema nao. Alinyoosha kidole kwangu. Alisema maneno, wakanitazama, wakaondoka naye. Katika maneno yale nilijua moja tu: mke. Tangu siku ile najua kwamba alinitaja. Sijui alinitaja kwa nini. Labda alisema, mchukueni yeye. Watu wakiogopa husema mambo." Alikiweka kikombe juu ya hori, kando yake. "Sijawahi kumuuliza mtu. Ningemuuliza nani? Anayejua lugha ile alikuwa ni mmoja wao."

Nikamuuliza kama anayakumbuka maneno.

Alifumba macho, kama alivyokuwa akifumba nikimsalimu mtu uani, na ndipo nilipojua alikuwa akienda wapi kila mara. Akayatoa moja baada ya jingine, bila kuelewa, na lafudhi ya mwanamume aliyekufa zamani ikiwa ndani yake: "Mke yangu hajui kitu. Acha yeye. Mimi nakuja."

Nilimwambia anisubiri kidogo, nikaweka chai yangu chini. Kisha nikamwambia kwa Kiganda, polepole, sentensi moja kwa wakati. Kwamba alisema mke wake hajui lolote. Kwamba alisema wamwache. Kwamba alisema yeye atakwenda.

Alifumbua macho. Mvua iligonga mabati kwa nguvu. Alisema, kwa hasira, "Kwa nini hakusema kwa Kiganda, nikasikia?"

"Askari wasingesikia."

Aliitikia kwa kichwa. Alikunywa chai yote, iliyokuwa imepoa, akainuka akapangusa kitenge. "Mimi sitakuja kwenye ibada yenu," alisema.

"Najua."

"Masikio yangu hayawezi."

"Najua, Nalongo."

Sikuwepo kwenye kikao cha baraza kilichofuata. Niliyoyasikia yalitoka kwa yule mzee wa gazeti, aliyesema kwamba Bwana Lubwama alikuwa amefika kwenye habari za arusi za saa nane ndipo Nalongo Kezia akasimama, akasema ufunguo uko kwake na anayeutaka aje aunyang'anye, kisha akaketi akaendelea kufuma kitambaa chake. Hakuna aliyekwenda.

Jumapili tulikusanyika ngazini kama kawaida, kimeza kiko tayari, Mama Musafiri na sare yake ya manjano. Nalongo Kezia alikuja kwa njia ya chini, akapita katikati yetu bila kusalimu, akafungua kufuli, akasukuma mabawa yote mawili ya mlango mpaka mwisho. Kisha akashuka akaenda zake kuelekea Lubaga, mgongo umenyooka, hatua za haraka za mtu anayetaka kufika mbali kabla wimbo haujaanza. Kiongozi wa kwaya aliniuliza kwa sauti ya chini kama tungoje mpaka afike kwenye kona. Nikafikiria. Nikamwambia hapana, anza sasa, na muimbe mpaka mabati yatikisike.